Ng'oa Pevingi, Usiguse Ukoka: Maoni Yangu Kuhusu Grini ya Nyasi Bandia Nyumbani

Wapenzi wa gofu hapa Dar es Salaam wameanza kuulizana kama inafaa kujenga grini ndogo ya nyasi bandia uani, katika viwanja vyetu vya mjini ambavyo nyumba, banda la gari na tangi la maji vimekwisha kula sehemu kubwa. Msimamo wangu nitausema mapema. Ni jambo jema, na mwenye nafasi ajenge, lakini ajenge mahali palipokwisha kufunikwa kwa zege au pevingi, na sehemu kubwa ya fedha yake aizike chini ya nyasi kabla hajafikiria rangi ya nyasi zenyewe.

Kwa msomaji asiyecheza, grini ni lile eneo la nyasi fupi mno linalozunguka shimo, ambapo mpira haupigwi upae bali husukumwa taratibu ubiringike hadi utumbukie. Watu wengi huutazama mchezo huu kwa macho ya mikwaju mirefu, ile inayopaa juu ya miti na kushangiliwa. Hesabu ya mchezo inasema jambo jingine. Uwanja wa mashimo 18 ambao kiwango chake ni mikwaju 72 umepangwa kwa kukadiria kwamba mchezaji atasukuma mpira mara mbili kwenye kila grini, yaani mikwaju 36, ambayo ni nusu kamili ya mchezo wote. Nusu hiyo haihitaji mabavu. Mtoto wa darasa la nne anaweza kumshinda mwanajeshi, na bibi mwenye miaka 70 anaweza kuwashinda wote wawili, mradi mkono wake umezoea kasi na jicho lake linausoma mteremko.

Mazoea hayo hujengwa kwa kurudia, na hapo ndipo mji unapotubana. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na wanaotaka kucheza gofu kati yetu wana Gymkhana katikati ya jiji na Lugalo iliyo chini ya Jeshi la Wananchi. Anayetoka kazini saa 11 jioni akaingia kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo hafiki uwanjani na nuru, kwa sababu jua letu huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima na kiza huingia mara moja. Nyumbani, taa moja ya ukutani na nafasi ya mita tatu kwa sita zinampa nusu saa ya mazoezi baada ya chakula, pamoja na watoto, bila kumsumbua jirani, kwa kuwa mpira unaosukumwa kwenye grini hautoi kelele yoyote zaidi ya ule mlio mdogo wa kutumbukia.

Kuna wanaoniuliza kwa nini tusipande nyasi halisi. Grini ya kweli ya pwani huwa ni ya ukoka wa jamii maalumu, unaokatwa hadi milimita tatu au nne kutoka ardhini, karibu kila siku, kwa mashine ya visu vya kuzunguka ambayo bei yake inatisha, halafu unamwagiliwa, unawekewa mchanga, unatibiwa ukungu na unatunzwa na watu ambao hiyo ndiyo kazi yao. Ukoka wa bustani ukikatwa hivyo kwa wiki chache tu bila matunzo hayo, unabaki udongo mtupu. Wazee waliocheza katika viwanja vya mikoani wanakumbuka pia brauni, yaani grini za mchanga uliochanganywa na mafuta ili usipeperushwe, ambazo mchezaji alizisawazisha kwa reki kabla ya kusukuma mpira. Zilikuwa suluhisho la busara kwa mahali pakavu, lakini hakuna anayetaka mchanga wa mafuta mlangoni pa jikoni.

Zinabaki nyasi bandia. Zilipata jina mwaka 1966 huko Houston, Marekani, katika ukumbi wa Astrodome, baada ya paneli angavu za paa kupakwa rangi kwa sababu wachezaji wa besiboli walikuwa wakipofushwa na mwanga, na nyasi halisi zilizokuwa chini yake zikafa kwa kukosa jua. Sisi tulizizoea kupitia soka, kwenye viwanja kama Karume pale Ilala na Chamazi. Mazoea hayo ya soka yanaleta kosa ambalo nimeliona mara nyingi: mtu anakwenda Kariakoo, anachagua nyasi nene zenye nyuzi za milimita 30 au 40, laini mkononi, za kijani ya kuvutia, zile za kupambia saluni na kumbi za harusi, anazitandika, kisha anashangaa mpira unasimama baada ya hatua tatu kama uliotupwa kwenye zulia la manyoya. Nyasi za grini ni fupi, milimita 10 hadi 15, nyuzi zake zimesongamana sana, na hazina uzuri wa kupigwa picha. Nyingi hutengenezwa kwa polipropilini na hujazwa mchanga mwembamba hadi karibu na ncha za nyuzi, ili mpira ubiringike juu ya mchanga na ncha hizo kwa pamoja. Zile za nailoni ni ngumu zaidi, husimama zenyewe hata bila mchanga, na bei yake ni kubwa.

Hayo ya juu ni mepesi. Kinachoamua kama grini itadumu ni tabaka ambalo mgeni hataliona kamwe.

Nyumba ya dada yangu mkubwa, Mikocheni, ilikuwa na eneo la pevingi pembeni ya ukuta lililokuwa likiegeshwa gari la pili, ambalo limekwisha kuuzwa. Hapo ndipo grini ilipojengwa, na nilisimama pale siku ambayo mafundi walianza. Waling'oa vitofali kwa tindo, wakavipanga ukutani vikiwa vizima ili vitumike upande mwingine, wakauondoa mchanga uliokuwa chini yake, na wakafika kwenye kifusi kilichoshindiliwa miaka mingi iliyopita na kukandamizwa tangu hapo na uzito wa gari. Fundi mkuu alipiga kisigino chini mara mbili akamwambia dada, "Mama, hapa gari limeshatufanyia kazi." Alikuwa sahihi kabisa. Ardhi ya bustani ingewalazimu kuchimba, kuondoa udongo wenye mizizi, kumwaga kokoto na kushindilia kwa siku kadhaa, na bado ingeendelea kutitia katika masika ya kwanza. Ardhi iliyokuwa chini ya pevingi ilikuwa imekwisha kutitia kiasi ilichotaka.

Juu ya kifusi hicho walitandika kitambaa cha kuchujia, kisha kokoto za ukubwa mchanganyiko kwa unene wa takriban sentimita kumi, wakashindilia kwa mashine, halafu vumbi la kokoto la sentimita tatu. Kuhusu kokoto nina ushauri ambao wauzaji hawatautoa: usikubali tabaka la juu litokane na mawe ya chokaa ya matumbawe, kwa sababu vumbi lake likilowa na kukauka mara kadhaa hujishika kama saruji na maji hayapiti tena. Kokoto ngumu kutoka upande wa Lugoba zina gharama ya usafiri, nami ningeilipa gharama hiyo hata kama ingenilazimu kupunguza eneo la grini kwa robo.

Kisha ukaja mtihani wa ndoo. Walipomaliza kusawazisha kwa rula ndefu ya alumini na pima maji, walimwaga ndoo nzima ya maji juu ya vumbi la kokoto na kuyatazama yanavyoondoka. Karibu na kona ya ukuta kilibaki kidimbwi chenye upana wa sinia. Kijana mmoja alitaka kukifunika kwa konzi mbili za vumbi. Fundi mkuu akamkataza, akakwangua eneo lote la hatua moja kuzunguka, akalijaza upya, akalishindilia na kumwaga ndoo nyingine. Mtu akiniuliza amjue vipi fundi wa kumwajiri, nitamwambia aulize kama atamwaga ndoo ya maji kabla ya kutandika nyasi. Kibonde cha milimita tano, ambacho jicho halikioni na nyasi hukificha vizuri, kinatosha kuupindisha mpira kila siku mahali pale pale, na baada ya mwezi mchezaji atakuwa amejifunza kukilenga kibonde hicho badala ya shimo.

Shimo lenyewe lina kanuni zake. Kipenyo ni milimita 108, kipimo ambacho chama cha R&A kinachosimamia kanuni za gofu kilikithibitisha mwaka 1891 na hakijabadilika, na kina chake hakipungui milimita 101.6. Mpira una kipenyo kisichopungua milimita 42.67. Kikombe kinachowekwa shimoni kinatakiwa kizame angalau milimita 25 chini ya uso wa grini, ili mpira uguse ukingo wa nyasi na si ukingo wa bati. Usiweke kopo la maziwa wala kipande cha bomba kilichokatwa kwa makadirio, kwa kuwa shimo pana kidogo hukufundisha uzembe ambao utaulipia uwanjani. Lakini kwa mji wetu kuna jambo kubwa kuliko kanuni: kikombe kilichozikwa bila tundu chini yake hujaa maji ya mvua, na maji safi yaliyotuama katika chombo kidogo ndiyo hasa yanayopendwa na mbu wa dengi, ugonjwa ambao mlipuko wake wa 2019 wakazi wa Dar es Salaam hatujausahau. Kwa hiyo kila kikombe kiwe na tundu, na chini yake kichimbwe kishimo cha kokoto tupu. Kwa nyumba ndogo mashimo mawili yanatosha, na yote yafunikwe kwa kizibo familia inaposafiri.

Ukubwa upangwe kwa kufuata robota la nyasi na si kinyume chake. Marobota mengi huja na upana wa mita mbili au nne, na ukichukua la mita nne, grini yenye upana usiozidi hapo haihitaji kiungo. Kiungo kinapolazimika, vipande vyote viwili lazima nyuzi zake zilale upande mmoja, la sivyo mpira utabadilisha mwendo katikati ya safari na rangi ya upande mmoja itaonekana imefifia. Mteremko nao uwe wa kiasi. Asilimia moja au mbili, yaani sentimita moja hadi mbili kwa kila mita, inatosha kuondoa maji na kumfundisha mtu kusoma mkunjo wa mpira. Wapo wanaotaka vilima na mabonde kama walivyoona kwenye televisheni, ndani ya mita sita za ua, na matokeo yake ni grini ambayo mpira haukai popote isipokuwa bondeni.

Kuhusu kasi, kifaa kinachotumika duniani ni Stimpmeter, mfereji mwembamba wenye urefu wa inchi 36 uliobuniwa na Mmarekani Edward Stimpson mwaka 1935. Mpira huwekwa kwenye kidaka, mfereji huinuliwa taratibu hadi mpira ujiachie wenyewe, na umbali unaobiringika kwenye eneo tambarare huhesabiwa kwa futi. Nyasi bandia mpya zilizoshindiliwa vizuri zinaweza kuwa za kasi kuliko grini ya kawaida ya klabu, na wauzaji husifu kasi hiyo kana kwamba ni ubora. Mimi naona ni hasara. Mkono uliozoea grini ya kasi nyumbani utaacha kila mpira ukiwa mfupi Jumamosi asubuhi kwenye ukoka. Omba kasi inayofanana na ya uwanja unaochezea, na njia ya kuipata ni kiasi cha mchanga na namna unavyousugua kwa ufagio mgumu. Mchanga huo uwe wa kununua, mkavu, uliochujwa. Mchanga wa ufukweni una chumvi, chumvi huvuta unyevu, na baada ya muda mfupi punje hushikana na kuwa kama ganda; tena fukwe zetu zimeliwa vya kutosha.

Dave Pelz, aliyekuwa mwanasayansi wa NASA kabla ya kuwa mwalimu wa gofu, alifikia hitimisho kwamba mpira wenye nafasi nzuri zaidi ya kuingia ni ule ambao, kama ungekosa shimo, ungelipita kwa takriban inchi 17, yaani sentimita 43. Hilo ni zoezi linalowezekana kwenye ua mdogo kabisa: chora mstari wa chaki sentimita 43 nyuma ya shimo, na mpira wowote unaokosa usiishie kabla ya shimo wala usivuke mstari. Sijui zoezi jingine linalofundisha mkono haraka hivyo.

Sasa nije kwenye sababu ya kusisitiza pevingi, kwa maana wapo watakaosema ua ni wangu na nitaweka nyasi bandia ninapotaka. Nyasi bandia ni plastiki. Juani, uso wake unaweza kupita nyuzi joto 60, kiasi cha kuunguza unyayo wa mtoto, wakati ukoka ulio hatua mbili kutoka hapo unabaki wa kukanyagika kwa sababu unapoza hewa kwa kupumua maji. Ukoka unameza mvua, unashika udongo, unalisha wadudu na ndege. Ukiung'oa na kutandika plastiki umepunguza kitu ambacho mji huu una uhaba nacho. Lakini ukiing'oa pevingi na kuweka kokoto zinazopitisha maji, umeongeza. Kila masika tunaona maji yakijaa katika mitaa ya Mikocheni na Msasani, na sehemu ya maji hayo hutoka katika nyua zetu zilizosakafiwa ukuta hadi ukuta, ambazo hazimezi hata tone na kuyasukuma yote barabarani. Eneo la mita za mraba 20 halitaokoa mtaa, nakubali, lakini tofauti ya mwelekeo ni kubwa, na mwenye nyumba anaweza kuichagua bila kulazimishwa na mtu.

Hoja ya kuokoa maji, ambayo wauzaji huitanguliza, siipi uzito mkubwa. Ni kweli kwamba mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ikaanza mgawo, bustani nyingi zilikauka. Hata hivyo ukoka ulirudi wenyewe mvua ziliponyesha, kama unavyorudi siku zote, na plastiki nayo inahitaji kuoshwa vumbi, kinyesi cha ndege na mkojo wa mbwa.

Mti ulio karibu uachwe. Kivuli cha mwarobaini kinaipunguzia grini joto na kuzikinga nyuzi dhidi ya mionzi ya jua, ambayo ndiyo inayozidhoofisha kuliko miguu yetu, na gharama yake ni kufagia majani. Mwembe una taabu zaidi kwa utomvu na matunda yanayooza, lakini hata huo nisingeukata, ningeisogeza grini.

Kuna pia swali la plastiki hiyo itakwenda wapi itakapochakaa. Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2023 kuondoa hatua kwa hatua punje za mpira zinazojazwa kwenye viwanja vya michezo, kwa sababu huishia kwenye udongo na maji. Grini hujazwa mchanga na si punje za mpira, na hilo ni afueni, lakini nyuzi zenyewe hulika na kumeguka. Jenga kingo ya zege kuzunguka eneo lote, weka wavu mwembamba mahali maji yanapotokea, na ufagie kilichonaswa kabla mvua haijakipeleka mtaroni na baharini. Muuzaji akikuahidi miaka mingi, mwombe dhamana ya maandishi inayotaja jua, na katika mkataba huo huo mtake aseme kama atalichukua zulia chakavu siku ya kulibadilisha. Akikataa, fahamu mapema kwamba safari yake ya mwisho ni dampo la Pugu Kinyamwezi, na ujenge dogo kadiri unavyoweza.

Wapo wasiokuwa na pevingi wala zege la kung'oa, ambao ua wao wote ni kipande kimoja cha ukoka na mti. Kwao nashauri wasijenge. Zipo zulia ndefu za mazoezi zinazokunjwa, zenye upana usiofika nusu mita na urefu wa mita tatu hadi nne, ambazo hutandikwa koridoni jioni na kurudishwa kabatini. Mkunjo wa mteremko hautaupata hapo, lakini mstari ulionyooka na kasi ya mkono utavipata, na mstari wa chaki wa sentimita 43 unachoreka hata kwenye vigae.